Nani Aliiba Kengele?
Michezo ya Darasani ya Kufundishia Maswali ya Wakati Uliopita katika Kiingereza

Kijitabu kwa walimu wa Kiingereza, darasa la sita hadi kidato cha pili

Kijitabu hiki ni cha mwalimu mwenye wanafunzi 60 au zaidi, ubao, chaki na kipindi cha dakika 40. Hakidai kompyuta, spika wala karatasi za kurudufu. Vifaa vinavyohitajika ni vipande vya maboksi, mpira wa matambara na mwalimu aliye tayari kukaa kimya kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

Kaa nyuma ya darasa la Kiingereza uangalie nani anauliza. Mwalimu anauliza, darasa linajibu kwa pamoja, mwalimu anauliza tena. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi akiwa amejibu maswali ya "What did...?" mpaka ayachoke, na yeye mwenyewe asiwe ameuliza hata moja kwa haja yake. Kisha anaingia kidato cha kwanza, ambako katika shule za serikali Tanzania masomo karibu yote yanahama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Hapo anatakiwa amuulize mwalimu wa historia kwa nini vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, au amuulize mwalimu wa kemia nini kilitokea kwenye jaribio la jana. Swali analo kichwani, lakini mdomoni halifiki. Ananyamaza, na wengi hudhani haelewi somo.

Mtu hujifunza kuuliza pale anapotaka kweli kujua. Kwa hiyo mchezo unaofaa ni ule ambao muulizaji halijui jibu na analihitaji ili ashinde. Mchezo ambao kila mtu analijua jibu tangu mwanzo, hata ukijaa makofi, unamfundisha mtoto kukariri tu. Tumechagua michezo michache kwa kipimo hicho, na mmoja tumeueleza kwa kirefu kwa sababu ndio wenye faida kubwa kuliko yote.

Kosa linakotoka

Sentensi ya Kiswahili inapogeuka swali, haibadiliki sana. "Ulikwenda sokoni" na "Ulikwenda sokoni?" zinatofautiana kwa sauti tu, na ukipenda unatanguliza "je". Neno la kuulizia hukaa mwishoni bila taabu: "Ulikwenda wapi?" Ile "-li-" inayobeba wakati uliopita haiondoki mahali pake ndani ya kitenzi.

Kiingereza kinakwenda njia nyingine. Kinaleta "did" mbele ya kiima, wakati uliopita wote unahamia kwenye "did", na kitenzi kinarudi katika umbo lake la msingi. "You went to the market" inakuwa "Did you go to the market?" Waambie wanafunzi kwamba "did" ameshaupokea mzigo, kwa hiyo "go" anatembea mikono mitupu. Watoto wanaelewa picha hii upesi kuliko kanuni iliyoandikwa ubaoni.

Makosa utakayoyasikia ni matatu. La kwanza ni "You went where?", ambalo ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. La pili ni "Where you went?", ambapo neno la kuulizia limeshatangulia lakini "did" bado hayupo. La tatu ni "Did you went?", na hili lisikuudhi. Mwanafunzi anayelisema ameshajua kwamba Kiingereza kinahitaji "did". Amebakiza hatua moja tu, ya kuuvua mzigo kwenye kitenzi. Mzomee leo na kesho atarudi kwenye "You went where?", kwa sababu huko hakuna aliyemcheka.

Kuna mahali pawili ambapo "did" haji kabisa. Kwanza ni kwenye "was" na "were": "Where were you?" na si "Where did you were?" Pili ni pale tunapomtafuta mtenda mwenyewe: "Who took the bell?" Usiyafundishe haya siku moja na yale ya kwanza. Yaache yajitokeze ndani ya mchezo, kwa maana yatajitokeza.

Kadi ya pande mbili

Anza na huu, dakika kumi zinatosha. Kata boksi upate kadi kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya darasa. Andika YOU kwenye ya kwanza, TO THE MARKET kwenye ya pili. Ya tatu iwe na pande mbili: mbele WENT, nyuma GO. Ya nne iandike DID, na ya tano uchore alama ya kuuliza. Wanafunzi watatu wasimame mbele wakiwa wameshika sentensi: YOU WENT TO THE MARKET. Mwenye DID na mwenye alama ya kuuliza wakae pembeni.

Sema neno moja tu: "Question!" Mwenye DID anakuja kusimama kabla ya YOU, mwenye alama anakwenda mwisho, na aliyeshika WENT anatakiwa aigeuze kadi yake mara tu DID anapofika. Akichelewa, darasa linamsaidia kwa sauti. Ukisema "Statement!", DID anaondoka na kadi inageuzwa tena. Badilisha watu haraka. Tengeneza kadi nyingine za pande mbili: ATE na EAT, SAW na SEE, BOUGHT na BUY, COOKED na COOK. Mwenye kugeuza kadi kwa mkono wake mara kadhaa haisahau kanuni kirahisi, na baadaye akikosea huhitaji kueleza tena: geuza kiganja chako tu, ataelewa.

Huu bado ni mchezo wa umbo la sentensi. Hakuna anayetaka kujua lolote. Usikae nao kipindi kizima.

Kesi ya kengele

Walimu wa Kiingereza katika nchi nyingi wanaujua mchezo huu kwa jina la Alibi. Sisi tumeutafutia kisa cha shuleni. Tangaza kwa uso wa kazi: jana usiku, kati ya saa 2 na saa 4, kengele ya shule iliibiwa. Wanafunzi wawili wanashukiwa. Wanasema hawakuwa karibu na shule. Walikuwa pamoja saa hizo zote, wakila kwenye mgahawa.

Washukiwa wanatoka nje dakika tano kupanga maelezo yao: walikwenda wapi, walifikaje, walikula nini, nani alilipa. Wakati huohuo darasa zima ni polisi. Wagawe katika vikundi vya watu sita, kila kikundi kiandike maswali matano. Pita katikati yao ukiwa na mikono nyuma. Usisahihishe bado, sikiliza.

Kisha mshukiwa wa kwanza anaingia peke yake. Kila kikundi kinauliza, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuuliza mara ya pili kabla kila kikundi hakijapata zamu. Karani mmoja anaandika majibu kwenye daftari. Baada ya dakika kumi anatoka, anaingia wa pili, anaulizwa maswali yaleyale. Majibu yakitofautiana mahali patatu au zaidi, kesi imekwisha na kengele imepatikana. Yakilingana, washukiwa wameshinda.

Mwanzoni polisi watauliza hivi: "Did you go with your friend?" Mshukiwa atajibu "Yes" na kutabasamu, kwa sababu swali la namna hiyo halimfichui. Atakuja mwingine aulize "Where did you sit?" Hapo mshukiwa ataanza kutazama dari. "Near the door." Mwenzake atakapoingia atasema "Near the kitchen", na darasa litalipuka. Kuanzia hapo hakuna haja ya kuwahimiza watumie "where", "what" na "how much". Wameona wenyewe kwamba swali la namna hiyo ndilo linalokamata mtu. Utasikia "What did you drink?", "How much did you pay?", "What colour was the plate?", "Who came first?" Mchezo huu unaita aina zote za maswali kwa wakati mmoja, zenye "did" na zisizo na "did", bila mwalimu kuzipanga. Ndiyo sababu tunaupa nafasi ya kwanza.

Weka kanuni moja ya ziada: polisi akiuliza swali ambalo halijakaa sawa, mshukiwa ana haki ya kusema "Sorry?" na kungoja. Kikundi cha polisi huyo kinaruhusiwa kumnong'oneza mpaka swali likae vizuri. Kanuni hii inafanya usahihi uwe na faida, na anayesahihisha si mwalimu bali ni wenzake, kwa kuwa wanataka jibu. Wewe kazi yako ni kugonga meza mshukiwa anapotumia "Sorry?" kama ujanja wa kukwepa swali zuri.

Kuna mambo mawili yatakayotokea karibu kila mara. La kwanza ni saa. Mshukiwa ataulizwa "What time did you leave?" naye atajibu "Three o'clock", akimaanisha saa tatu usiku. Mwenzake aliyefundishwa vizuri atasema "Nine o'clock". Kwa karani hayo ni majibu mawili tofauti, kumbe ni saa ileile. Simamisha mchezo nusu dakika, chora saa ubaoni, endelea.

La pili lina kina zaidi. Polisi anauliza: "Didn't you pay?" Mshukiwa, ambaye hakulipa, anajibu "Yes", kama vile mtu anayeulizwa "Hukulipa?" anavyojibu "Ndiyo, sikulipa." Katika Kiswahili amekubaliana na muulizaji. Katika Kiingereza amesema alilipa. Mwenzake anaingia na kujibu "No, we didn't", na watu wawili waliosema jambo moja wanatiwa hatiani. Hapa usifanye haraka. Waulize polisi mshukiwa alimaanisha nini, waache wabishane, kisha andika ubaoni "No, I didn't" na useme: ikiwa tendo halikufanyika, Kiingereza kinataka "No", swali liwe limeulizwa kwa namna yoyote ile. Kosa hili huwafuata watu mpaka chuoni na kazini, na ni vigumu kulionyesha kwa zoezi la kitabuni. Kwenye kesi ya kengele linajionyesha lenyewe.

Neno la tahadhari. Kama shuleni kwenu kuna wizi wa kweli uliotokea karibuni, badilisha kisa: nani aliacha lango wazi mbuzi wakaingia bustani ya shule? Usimchague kuwa mshukiwa mtoto ambaye wenzake wanamsema. Mara ya kwanza chagua wanafunzi wachangamfu, au bora zaidi, wewe na mwalimu mwenzako muwe washukiwa. Watoto wana hamu kubwa ya kumhoji mwalimu, na kwao kumkamata akisema uongo ni ushindi ambao watausimulia nyumbani.

Mgeni kutoka zamani

Mwanafunzi mmoja anapewa kwa siri jina la mtu mashuhuri aliyefariki. Darasa lina maswali 20 ya kujibiwa kwa "Yes" au "No", nalo linatafuta ni nani. Tunapenda kutumia marehemu kwa sababu maisha yao yote yako wakati uliopita, na "did" inaingia bila kulazimishwa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, anafaa sana: "Did she sing?", "Did she travel to India?" Vivyo hivyo Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed, mpiganiaji wa uhuru wa Tanganyika, na Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Majibu yawe kamili: "Yes, she did." "No, he wasn't." Anayejibu analazimika kusikiliza kama swali lilianza na "did" au na "was", na hilo peke yake ni zoezi kubwa. Tega sikio kwenye swali la kuzaliwa. Nusu ya darasa watasema "Did she born in Zanzibar?" kwa sababu Kiswahili kinasema "alizaliwa" kama kinavyosema "aliimba". Waandikie "Was she born in Zanzibar?" juu ya ubao na uiache hapo mpaka mchezo uishe.

Kwa kidato cha pili, acha kubahatisha na mfanye mahojiano. John Stephen Akhwari ni kisa kizuri kwa kazi hii. Wasimulie kwa Kiswahili kifupi: mwaka 1968 huko Mexico City mkimbiaji huyu wa Tanzania alianguka kwenye mbio za marathoni akaumia goti, akaendelea mpaka mwisho, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kisha mwanafunzi mmoja anakuwa Akhwari na wengine wanakuwa waandishi wa habari. "What happened to your knee?" (hapa "did" hayupo, kwa sababu "what" ndiyo kiima.) "Why didn't you stop?" Swali hili la mwisho lingoje. Usiharakishe kumsaidia anayejibu. Kila mtoto anayekaa kwenye kiti hicho hujibu kwa namna yake, na darasa zima hutaka kusikia.

Jambo moja la uongo

Kila mwanafunzi anaandika sentensi tatu kuhusu Jumapili iliyopita: mbili za kweli, moja ya uongo. Wakiwa wanne wanne, wenzake wanamuuliza maswali mpaka watambue uongo uko wapi. "I saw a snake." "Where did you see it?" "Did you kill it?" "Who was with you?" Mchezo huu unafanya darasa zima liseme kwa wakati mmoja, jambo ambalo kesi ya kengele haiwezi. Wengine nyumbani kwao kuna mambo wasiyopenda kuyasema, kwa hiyo mruhusu atakaye aandike sentensi zote za uongo; haki hiyo ijulikane na wote na hakuna wa kuulizwa sababu.

Dakika tano za mwisho wa kipindi

Mpira wa matambara: anayeurusha anauliza, anayeudaka anajibu kisha anauliza mwingine. Muda wote uliowekwa ni "yesterday". Bila neno hilo wanafunzi wataanza kuchanganya "umekula?" na "ulikula?", na hilo ni somo la siku nyingine.

Meza ya vitu kumi: weka vitu, waache wachache watazame dakika moja, wengine wakigeuka nyuma, kisha funika kwa kanga. Mwanafunzi aliyetazama anaulizwa na wale waliogeuka nyuma: "Where was the key?", "Were there any coins?" Hii ni ya "was" na "were" tu, na inafaa siku ambayo makosa ya "did you were" yamezidi.

Kusahihisha, na kelele

Wakati mchezo unaendelea, tembea na daftari. Andika makosa bila majina. Dakika tano za mwisho weka ubaoni sentensi sita, nyingine sahihi na nyingine mbovu, na vikundi viamue zipi ni zipi. Mtoto ataitambua sentensi yake mwenyewe na kuirekebisha, na hakuna atakayejua ilikuwa yake.

Kiswahili kisiwe kosa. Vikundi vikipanga mashambulizi yao kwa Kiswahili na kuuliza kwa Kiingereza, kazi inakwenda vizuri. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto wa shule waliokamatwa wakizungumza Gĩkũyũ walivyovishwa kipande cha bati shingoni chenye maneno ya kuwatukana. Vidani vya aina hiyo bado havijaisha katika baadhi ya shule, na mtoto aliyeaibishwa kwa lugha ya mama yake hafungui mdomo kuuliza swali kwa lugha yoyote. Tunawaomba walimu waachane navyo kabisa.

Kuhusu kelele, zungumza mapema na mwalimu wa darasa la jirani, na umwambie mwalimu wa zamu. Kesi ya kengele ina makelele mahali pawili tu: majibu yanapogongana na hukumu inapotolewa. Kama hali ya hewa inaruhusu, nendeni chini ya mti.

Baada ya mchezo

Kipindi kinachofuata kila polisi anaandika ripoti: maswali sita aliyoyasikia, majibu ya mshukiwa wa kwanza, majibu ya wa pili. Hapa ndipo umbo la swali linaposhuka kutoka mdomoni kwenda kwenye daftari, na ndipo mtihani utakapolikuta. Sahihisha maswali tu. Makosa mengine yaache kwa siku hiyo.

Rudia kesi baada ya wiki mbili au tatu kwa kisa kingine na washukiwa wengine, na safari hii wahesabu watoto ambao hawakuuliza mara ya kwanza. Andika majina yao kwenye andalio la somo kabla ya kuingia darasani, na uwape wao maswali ya ufunguzi. Kwa mwanafunzi mwenye haya, swali la kwanza liwe fupi na liwe tayari kwenye kadi mkononi mwake: "Where were you?" La pili alitunge mwenyewe.